Usidharau githeri: Chakula kinachofaa mwili na ardhi

WAKAZI wengi wa mijini huamini kwamba kula vizuri ni jambo la matajiri. Mgonjwa akielezwa kwamba ana kisukari au shinikizo la damu, na kwamba sharti abadilishe chakula chake, aghalabu swali lake la kwanza huwa: "Sasa daktari, pesa za hivyo vyakula nitatoa wapi?" Fikira zake huwa zimekwenda moja kwa moja kwenye rafu za supamaketi, kwenye mafuta ya zeituni, nafaka za pakiti na samaki wa kutoka ng'ambo. Hawazii hata kidogo kwamba sehemu kubwa ya chakula anachokihitaji inauzwa kwa gorogoro kwenye kibanda kilicho karibu na lango lake.

Nia ya makala haya ni kueleza kwa nini chakula hicho cha gorogoro kinafaa, si kwa mwili wako tu, bali pia kwa udongo, mito na mvua vinavyotupatia chakula cha kesho. Mambo haya mawili hayako mbalimbali kama tunavyodhani.

Hali yetu

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza, uliofanywa miongoni mwa watu wa umri wa miaka 18 hadi 69, ulionyesha kwamba asilimia 27 ya Wakenya hao walikuwa na uzito uliopita kiasi. Kwa wanawake peke yao ilikuwa asilimia 38.5. Karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu, na asilimia 94 hawakuwa wakila matunda na mboga za kutosha. Wakati huohuo, uchunguzi wa idadi ya watu na afya wa mwaka wa 2022 uligundua kwamba asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa.

Takwimu hizi zaweza kuonekana kama zinapingana. La, hazipingani. Katika nyumba moja waweza kumpata baba mwenye kitambi na dawa za presha, mama aliyenenepa lakini amepungukiwa na damu, na mtoto wa miaka mitatu ambaye kimo chake hakilingani na umri wake. Wote hula meza moja na wote hushiba. Shida ni kile kinachojaza sahani: ugali wa unga uliokobolewa au chapati, sukuma wiki kijiko kimoja iliyoogelea mafuta, chai ya sukari nyingi, na nyama kidogo mwisho wa mwezi. Vyakula vya kutia nguvu vimezidi. Vya kujenga mwili na vya kulinda mwili ni haba.

Mizani ya wanasayansi

Mnamo Januari 2019, jarida la tiba la The Lancet lilichapisha ripoti ya tume ya wanasayansi 37 kutoka mataifa 16. Swali lao lilikuwa moja: je, watu wapatao bilioni 10 wanaotarajiwa kuwapo ifikapo mwaka wa 2050 wataweza kulishwa vizuri bila kuiharibu dunia? Jibu lao lilikuwa kwamba inawezekana, lakini si kwa namna tunavyokula sasa.

Kwa mtu mzima anayehitaji kalori 2,500 kwa siku, walipendekeza takriban gramu 230 za nafaka isiyokobolewa, gramu 300 za mboga, gramu 200 za matunda, gramu 75 za maharagwe na jamii yake (yakipimwa makavu, ni karibu nusu kikombe cha chai), gramu 50 za njugu, na kikombe kimoja cha maziwa. Nyama nyekundu walitenga gramu 14 tu kwa siku, yaani kama gramu 100 kwa wiki. Msomaji, piga hesabu mwenyewe. Ile nusu kilo ya nyama choma ambayo mtu mmoja huimaliza Jumamosi alasiri ni mgao wa wiki tano.

Ripoti hiyo ilizua kelele nyingi. Baadaye watafiti wengine walipiga hesabu ya gharama, wakapata kwamba chakula cha namna hiyo kingegharimu kama dola 2.84 kwa siku kwa bei za mwaka wa 2011, kiasi ambacho kilishinda mapato ya watu wasiopungua bilioni 1.58. Kilichopandisha gharama zaidi ni matunda na mboga.

Malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo, kwa maoni yangu, mizani yenyewe si mbaya. Ubaya ni kuisoma kwa macho ya Ulaya. Njugu si lazima ziwe mlozi. Karanga zetu na simsim zatosha. Mboga si lazima ziwe zile za kuliwa mbichi kwenye mahoteli. Matunda si lazima yawe matofaa kutoka Afrika Kusini ilhali maembe, mapapai, mapera na ndizi zinaoza sokoni Wakulima. Nayo nafaka isiyokobolewa pamoja na maharagwe, kile kiini cha mapendekezo yote, Wakenya wanakijua tangu utotoni. Wakikuyu hukiita githeri, Wakamba isyo, na Wajaluo nyoyo.

Siri ya githeri ni hii. Mwili hujijenga kwa protini, na protini hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi za amino. Mahindi yana upungufu wa kipande kimoja muhimu kiitwacho laisini. Maharagwe yana laisini tele, lakini yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Ukila kimoja pekee, mwili unabaki na pengo. Ukivila pamoja, kila kimoja huziba pengo la mwenzake, na protini unayopata yakaribia ubora wa ile ya nyama. Isitoshe, nyuzinyuzi zilizomo hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, jambo ambalo mgonjwa wa kisukari hulihitaji kuliko chochote.

Shambani nako ushirika huo huendelea. Mizizi ya jamii ya kunde hukaliwa na bakteria ambao huchukua naitrojeni kutoka hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mkulima anayepanda kunde, ndengu au mbaazi kati ya mahindi huhitaji mbolea kidogo ya dukani. Wale walionunua mbolea mwaka wa 2022, bei ilipopanda mno, wanafahamu uzito wa neno hilo.

Nyama

Hapa ndipo wasomaji wengi hukunja uso. Sisemi mtu aache nyama. Nyama ina madini ya chuma ambayo mwili huyafyonza kwa urahisi, ina zinki na vitamini B12, na kwa mtoto mdogo au mwanamke aliyepungukiwa na damu, kipande kidogo kina faida kubwa. Jambo ninalopinga ni ile desturi ya mjini ya kula nyama kwa fujo mara moja kwa wiki, ikisindikizwa na pombe na chumvi, kisha wiki nzima kukosa protini nyingine ya maana. Wagonjwa wa jongo wanaijua sana Jumapili asubuhi inavyokuwa.

Shirika la Afya Duniani, kupitia kitengo chake cha utafiti wa saratani, lilitangaza Oktoba 2015 kwamba nyama zilizotayarishwa viwandani, kama soseji, husababisha saratani ya utumbo mpana, na kwamba nyama nyekundu yaelekea kuisababisha. Kula gramu 50 za soseji na vyakula vya aina hiyo kila siku huongeza hatari hiyo kwa takriban asilimia 18. Basi unapomfungia mtoto soseji mbili kila siku za kwenda nazo shuleni, ukidhani ndiyo mapenzi, heri ungemfungia yai.

Kuhusu ardhi, uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2018, uliojumuisha mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119, ulionyesha kwamba protini inayotokana na ng'ombe wanaofugwa kwa ajili ya nyama hutoa gesi zinazozidisha joto duniani zaidi ya mara 50 ikilinganishwa na protini ya maharagwe. Tumbo la ng'ombe hutengeneza gesi ya methani anapocheua, na malisho yake huhitaji ardhi kubwa.

Lakini tusiwalaumu ndugu zetu wafugaji. Huko Turkana, Marsabit au Kajiado nyasi hazina matumizi mengine, mahindi hayastawi, na maziwa ndiyo uhai wa mtoto. Tena wao ndio walioumizwa zaidi na mabadiliko ya hali ya anga. Misimu mitano ya mvua ilikosa kuleta maji ya kutosha kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, na mifugo ikafa kwa mamilioni. Mwenye nafasi ya kupunguza ni mkazi wa mjini aliye na uchaguzi.

Kwake yeye kuna omena. Samaki huyu mdogo wa Ziwa Victoria huzaana upesi kuliko mbuta, huliwa mzima pamoja na mifupa yake, hivyo humpa mlaji kalisi ambayo hawezi kuipata kwenye minofu. Hukaushwa juani bila barafu wala umeme. La kusikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya omena huishia katika viwanda vya chakula cha kuku na nguruwe. Mtu anayesema omena ni chakula cha kuku amesema kweli, ila hajajiuliza ni kwa nini kuku wananenepa.

Unga

Mbegu ya hindi ina sehemu tatu: ganda, kiini na wanga. Mashine ya kukoboa huondoa ganda na kiini, penye nyuzinyuzi, mafuta mazuri na vitamini nyingi za kundi la B, na kukuachia wanga mweupe. Tangu mwaka wa 2012 sheria inawalazimisha wasagaji wa viwandani kurudisha katika unga wa pakiti baadhi ya vitamini na madini, yakiwemo madini ya chuma na zinki. Hilo ni jambo jema. Lakini nyuzinyuzi hazirudishwi. Mahindi yaliyosagwa yote kwenye kinu cha posho yana nyuzinyuzi zake, ingawa hayakuongezwa chochote.

Bora zaidi ni kuchanganya. Wimbi lina kalisi nyingi kuliko nafaka nyingine zote tunazokula, na mtama huvumilia ukame ambao huangamiza mahindi. Wazee wetu walikula nafaka hizo kabla ya mahindi kutawala nchi katika enzi ya ukoloni. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka wa 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa wimbi, uwele na nafaka za aina hiyo, hasa kwa sababu ya ustahimilivu wake. Ngano, kwa upande mwingine, nyingi tunayotumia hutoka nje; vita vilipozuka nchini Ukraine mwaka wa 2022, bei ya mkate ilitupa habari kabla ya redio.

Nataka hapa nisahihishe dhana moja inayowadhuru wagonjwa. Wengi wenye kisukari huamini kwamba ugali wa wimbi na muhogo hauna madhara hata ukila mlima mzima, mradi rangi yake ni ya kahawia. Si kweli. Ugali wa kahawia nao ni wanga, na muhogo karibu wote ni wanga. Kadiria ugali usizidi ukubwa wa ngumi yako, nusu ya sahani iwe mboga, na sehemu iliyobaki iwe maharagwe, ndengu, yai au samaki.

Mboga za kienyeji

Managu, saga, terere, kunde, mrenda: majina haya yalikuwa ya kijijini, na mtu wa mjini alionea aibu kuyataja mbele ya wageni. Hali imeanza kubadilika, na sifa nyingi zamwendea Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, aliyetumia miaka mingi akizitafiti mboga hizi wakati wengine waliziita magugu. Mwaka wa 2021 UNESCO nayo iliuweka juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya kiasili katika orodha yake ya mifano ya kuigwa.

Ukilinganisha na kabichi, terere na managu zina madini ya chuma, kalisi na vitamini A kwa wingi zaidi. Terere huwa tayari kuvunwa baada ya wiki tatu au nne, na huweza kumea hata kwenye gunia lililojazwa udongo mlangoni pa nyumba ya kupanga.

Faida hizi zote, hata hivyo, twaweza kuzimwaga sisi wenyewe. Wako wanaochemsha managu saa nzima ili kuondoa uchungu, wakatia magadi, kisha wakamwaga maji. Vitamini C na foleti huenda na maji hayo. Pika kwa muda mfupi, na kama uchungu unakukera, changanya na terere au utie maziwa kidogo. Mafuta kijiko kimoja yanatosha. Yanahitajika ili mwili ufyonze vitamini A. Chai nayo isinywewe pamoja na chakula, kwa maana huzuia madini ya chuma yaliyo katika mboga na maharagwe yasiingie mwilini. Subiri saa moja. Badala yake kula chungwa, au kamulia ndimu, kwani vitamini C husaidia madini hayo kufyonzwa.

Tukiwa bado kwenye mafuta: mengi tunayopikia hapa nchini hutokana na mawese yanayoagizwa kutoka Malaysia na Indonesia, ambako misitu mikubwa ilikatwa ili kupisha mashamba ya michikichi. Karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayopandisha kolesteroli. Hata yale ya maji kwenye chupa huenda yakawa mawese, soma kibandiko. Chipsi za barabarani zilizokaangwa kwa mafuta yaleyale tangu asubuhi hazimfaidi yeyote ila mwenye duka la dawa.

Gharama ya makaa

Najua pingamizi lililobaki. "Maharagwe ni rahisi, lakini makaa je?" Ni hoja nzito, tena ni hoja ya mazingira, kwa sababu makaa ni miti. Nyumba inayochemsha githeri saa tatu kila siku inaweza kupoteza kwenye jiko kile ilichookoa kwenye nyama.

Dawa yake ni kuloweka. Loweka maharagwe na mahindi usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo na uchemshe kwa mapya. Muda wa kupika utapungua sana, na gesi tumboni pia, ambayo ndiyo huwafanya watu wa ofisini waogope maharagwe. Pika ya siku tatu au nne kwa mara moja na ugawe. Mwenye sufuria ya presha atumie. Asiye nayo anaweza kutumia kapu la joto, yaani kapu lililozungushiwa blanketi kuukuu au matambara mazito ambamo sufuria iliyochemka hufunikwa ili iendelee kuiva yenyewe. Ila angalia: maharagwe mekundu yana sumu ambayo huharibiwa na moto mkali tu. Lazima yachemke kwa nguvu dakika zisizopungua 10 kabla ya kuingizwa kapuni, vinginevyo mtatapika nyumba nzima.

Ukinunua yaliyochemshwa tayari, tazama jinsi muuzaji anavyopika. Wachuuzi wengine hufunika sufuria kwa karatasi za plastiki ili yaive haraka. Huyo mpite.

Tahadhari

Kurudi kwa vyakula vya zamani si kurudi kwa kila kitu cha zamani. Mwaka wa 2004, katika sehemu za Ukambani, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yaliyokuwa na sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo hushambulia ini, na haiishi kwa kuchemshwa wala kusagwa. Nafaka isiyokobolewa huweza kuwa nayo zaidi kuliko iliyokobolewa, kwa hivyo usinunue mahindi yenye unyevu. Kiwango kinachokubaliwa hapa nchini ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Chambua punje na karanga zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye ukungu, uzitupe, usimpe kuku. Unga wa kinu cha posho nunua kilo mbili tatu tu kwa wakati, kwa kuwa mafuta ya kiini huufanya uchache upesi.

Uliza pia mboga zimetoka wapi. Zile zinazokuzwa kwa maji taka kando ya mito ya Nairobi huonekana nzuri kupita zote, majani mapana na mabichi. Kuosha huondoa viini vya nje, lakini hakuondoi metali nzito zilizoingia ndani ya jani. Nayo matunda mabichi ya mnavu, yale ya kijani, yasiliwe.

Mtoto wa chini ya miaka miwili asilishwe kwa mizani ya watu wazima. Tumbo lake ni dogo, nyuzinyuzi humjaza kabla hajapata virutubishi. Akifika miezi sita, mbali na maziwa ya mama, anahitaji yai, omena iliyosagwa, maziwa au nyama kidogo kila inapowezekana, pamoja na maharagwe yaliyopondwa.

Mwisho, wapo wagonjwa ambao hawafai kubadilisha chakula bila kumwona daktari wao. Mwenye maradhi ya figo anaweza kudhuriwa na potasiamu iliyo katika mboga za majani, maharagwe na ndizi. Mwenye jongo apunguze omena. Anayemeza dawa za kisukari au kudungwa insulini huenda sukari yake ikashuka ghafla akipunguza ugali siku moja bila dawa kupimwa upya. Naye anayetumia warfarini ili damu isigande aile managu kwa kiasi kilekile kila wiki, asile leo sahani tatu na kesho asile kabisa, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.